WAZEE, ASASI ZA KUWAHUDUMIA: NYENZO NA MAFUNZO

Ni jumla ya elimu, miongozo na fedha ziwawezeshazo watumishi wa asasi za hiari na wa serikali kuwatunza kwa insafu watu waliotimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 imeuhesabu kuwa mwanzo wa uzee.

Umoja wa Mataifa uliiteua tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee kwa azimio la mwaka 1990, kisha mwaka 2002 mkutano wake wa Madrid kuhusu uzee ukapitisha mpango wa utekelezaji. Nchini Tanzania, HelpAge International, shirika lililoasisiwa mwaka 1983, limeshirikiana na asasi za wenyeji kuwafundisha wahudumu wa majumbani na wasaidizi wa kisheria. Nayo Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwalipa pensheni wakazi waliofikia miaka 70.

Katika Shangani, kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani ielekeayo bahari, utunzaji wa mzee kwa desturi ni faradhi ya jamaa na majirani. Walakini shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya usahaulifu yahitaji ujuzi upitao huruma. Mafunzo yafaayo, basi, ni ya kupima shinikizo la damu, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, kutunza daftari la hesabu, na kutambua dalili zilazimishazo kumpeleka mzee hospitali ya Ligula bila ya taakhira. Asasi isiyowafunza watumishi wake haiwezi kuitimiza amana ya kuwatunza wazee, hata nia yake ikiwa njema.