Bunkeya: Shaba, Mfalme na Mizigo Tuliyoibeba

Mgeni anayefika Bunkeya, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, hushangazwa kwanza na udogo wake. Ni mji wa vumbi jekundu na nyumba za matofali, na hapo ndipo yalipo makazi ya Mwami wa Wayeke. Nilipofika, mzee mmoja alipoambiwa kuwa natoka Tanzania aliniuliza, kwa Kiswahili cha Katanga, kama kwetu bado tunamkumbuka Msiri. Sikuwa na jibu la kujivunia.

Msiri alitoka kwetu. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, aliyeifuata shaba ya Katanga. Wenyeji waliiyeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu na kuimimina katika umbo la misalaba, iliyotumika kama fedha. Katikati ya karne ya 19 mwana alihamia huko, na kwa bunduki, ndoa na biashara akajenga dola la Garenganze, ambalo njia zake za biashara zilifika Bahari ya Hindi upande mmoja na Atlantiki upande mwingine.

Tusimpambe. Pamoja na shaba na pembe za ndovu, aliuza watu. Mwaka 1891 Wasanga, wenye ardhi hiyo, walikuwa tayari wamemwasi. Mkoloni hakuikuta nchi yenye umoja, bali mtawala aliyekwisha kuwachosha raia wake.

Desemba mwaka huo ulifika msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msiri aliikataa bendera yake. Tarehe 20 Desemba, afisa Omer Bodson alimpiga risasi na kumwua. Bodson naye alipigwa risasi akafa. Miaka 15 baadaye, mwaka 1906, iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na shaba ikawa mali ya wenye hisa wa Ulaya.

Lipo jambo ambalo wanafunzi wangu hulisikia kwa mshangao: msafara wa Stairs uliandaliwa Zanzibar na kuanza safari Bagamoyo. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa watu wa pwani yetu. Mtawala aliyeuawa alikuwa na asili yetu, na mabega yaliyobeba bunduki hadi mlangoni pake yalikuwa yetu pia. Hatuwezi kudai urithi wa Msiri na kuukana mzigo wa wapagazi. Wala hatuwezi kuwahukumu wapagazi bila kuuliza ni ufukara gani uliowafanya waukubali mzigo huo.

Leo malori yenye shaba ya Kongo hupita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Njia imebadilika, mwelekeo wa mali ni uleule. Serikali yetu huhesabu ushuru, wafanyakazi wa bandari huhesabu makontena, na hilo ni halali. Ila mtumishi wa umma anayepiga mhuri karatasi za mzigo huo angefaa kujua unatoka wapi, nani aliuchimba, na amebakiwa na nini.

Mzee wa Bunkeya hakuniomba msaada. Aliuliza tu kama tunakumbuka. Mitaala yetu ikimtaja Msiri kwa mstari mmoja, ndani ya orodha ya wafanyabiashara wa masafa marefu, basi tumekwisha kumjibu.