Vijiji vya Vijana na Sauti ya Wanafunzi: Kutoka Mwambao wa Itungi hadi Elimu ya Kujitegemea

Wanaoandika historia ya elimu katika Tanzania huanza, kwa desturi, na shule za misheni, wakaendelea na idara ya elimu ya wakoloni, na kuishia na mipango ya Serikali huru. Katika masimulizi hayo kijana huonekana kama mtungi wa kutiwa maji: hufundishwa, hupimwa, hupelekwa huku na huku. Ni nadra kuulizwa yeye alisema nini. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kuwa haki ya vijana kusikilizwa katika mambo ya elimu ni jambo geni, lililoletwa juzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi, na ushahidi wa kwanza unapatikana katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Nchi inayozunguka Itungi, katika Kyela ya leo, ni tambarare yenye maji mengi, nayo hukatwa na mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka. Wenyeji wake ni Wanyakyusa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati yao miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta desturi ambayo ni vigumu kuipatia mfano mahali pengine: watu hawakukaa kijiji kimoja kwa sababu ya ukoo, bali kwa sababu ya rika. Monica Wilson aliieleza desturi hiyo kwa urefu katika kitabu alichokitoa 1951.

Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliondoka katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake kando ya kijiji cha wazazi. Walilala huko, lakini walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wala hawakuacha kulima mashamba ya baba zao. Wadogo wao walijiunga nao mwaka hata mwaka, mpaka wale waliokianzisha kijiji walipokuwa vijana wakubwa. Hapo mlango ulifungwa, na watoto waliofuata wakaanzisha chao. Vijana walipooa, waliwaleta wake zao papo hapo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Jambo lenye maana kubwa katika habari hii ni elimu. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, ambalo maana yake ni kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo. Kwa mawazo yao, akili na adabu havikutoka kwa mzee peke yake. Vilipatikana katika kukaa na wenzi, kubishana nao, kula nao, na kusahihishwa nao. Asiyekaa na wenzake alihesabiwa kuwa hakufunzwa. Basi kijiji cha vijana kilikuwa shule, na wenye kuiendesha kila siku walikuwa wanafunzi wenyewe.

Zaidi ya hayo, shule hiyo ilikuwa na mwisho unaojulikana. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya *ubusoka*, yaani "kutoka". Wana wakubwa wa mtawala walitolewa mbele ya watu pamoja na rika lao, mioto ya zamani ikazimwa na moto mpya ukawashwa, na wazee wakasogea kando ili vijana wapate ardhi na utawala.

Hata hivyo haifai kuipamba desturi hii kupita kiasi. Wakuu wapya wa vijiji, walioitwa *amafumu*, walichaguliwa na wakuu wa zamani, si na vijana. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliposwa wangali wadogo, na elimu yao ilibaki chini ya mama zao. Sauti iliyotolewa kwa vijana ilikuwa ya wanaume, tena ilingojewa kwa miaka mingi. Lakini ilikuwa na mahali pake na siku yake, wala haikuhitaji kuporwa.

Wamisionari Wajerumani, wa Moravian na wa Berlin, walifika katika nchi hiyo 1891. Shule walizozijenga zilileta kusoma na kuandika, na faida yake haikanushiki. Lakini katika shule hizo mwalimu ndiye aliyepanga nani akae na nani, ajifunze nini, na atoke lini. Waingereza waliposhika utawala hali haikubadilika. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki 1924 ili kutoa shauri juu ya elimu ya Waafrika, haikuwa kazi yake kuwauliza wanafunzi. Wakati huohuo upungufu wa ardhi na safari za kutafuta mshahara, katika dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, vilidhoofisha vijiji vya rika. Utawala wa machifu nao ulifutwa katika Tanganyika 1963. Hivyo kijana wa Itungi aliyepanda ngazi ya shule hadi Dar es Salaam alikuwa ameacha nyuma baraza moja, wala hakukuta jingine mbele yake.

Upungufu huo ulidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kuwa wanaohitimu kidato cha sita na vyuo vya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwamba katika miezi kumi na minane ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine vya mjini waliandamana hadi Ikulu, baadhi yao wamevaa majoho ya chuo. Walipinga masharti hayo, na bango lao moja lilidai kuwa hali ilikuwa bora zaidi wakati wa ukoloni. Rais Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza wote, karibu 400, warudi makwao.

Wengi wameliona tendo la wanafunzi kuwa ni uchoyo wa wasomi, na ni kweli kuwa uchoyo ulikuwamo. Lakini walitaja pia mishahara mikubwa ya viongozi, na katika neno hilo Rais hakuwapinga: siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Haiwezekani kusema kuwa Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, pamoja na masharti yake ya uongozi, lilizaliwa na maandamano hayo peke yake. Hata hivyo Azimio lilifuata baada ya miezi mitatu na nusu tu, na Elimu ya Kujitegemea ikatolewa Machi 1967. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi mwaka huohuo. Sauti iliyoadhibiwa ilikuwa imesikika.

Andiko la Elimu ya Kujitegemea lilitaka kila shule iwe jamaa yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki, kwa uongozi wa walimu, katika kuamua kazi na matumizi ya mapato. Msomaji anayeijua *ukwangala* hawezi kukosa kuona udugu wa mawazo hayo mawili. Lakini mwanafunzi alipewa kauli juu ya jembe na mavuno. Juu ya mtaala na mitihani hakupewa. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na polisi baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi, na wenzake wakasusia masomo. Jambo lililobishaniwa lilikuwa lilelile: nani ana haki ya kusema chuo kiendeshwe vipi.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Katika miaka ile neno *siasa* lilibeba maana mbili: mashindano ya madaraka, na mpango wa Serikali juu ya jambo fulani. Azimio lenyewe liliitwa siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Hivyo mwanafunzi aliyezungumza juu ya siasa ya elimu aliweza kudhaniwa kwa urahisi kuwa anafanya siasa. Leo neno *sera* limezitenga maana hizo. Ni jambo jema. Lakini kutenga maneno si sawa na kutenga mahali pa kusemea.

Mafunzo ya mwambao wa Itungi, basi, si kwamba vijiji vya rika virudishwe. Wakati wake umepita, na dada zao hawangekubali kuachwa nje tena. Funzo ni kwamba wazee wale walijua jambo ambalo shule ilichelewa kulijua: kijana atasema tu, apewe mahali au asipewe. Akipewa, wazee husogea kidogo na moto mpya huwashwa. Asipopewa, huja mlangoni na bango.