Uhusiano na wateja kwa njia ya TEHAMA (Songea)

Uhusiano na wateja kwa njia ya TEHAMA ni matumizi ya simu, kompyuta na hifadhidata katika kumsajili mteja, kutunza kumbukumbu za manunuzi yake, kumpelekea taarifa na kupokea malalamiko yake. Katika Manispaa ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kazi hiyo hufanywa zaidi na mifumo ya Serikali na ya kampuni za simu kuliko programu zinazonunuliwa na wafanyabiashara wenyewe. Mfumo uliomfikia mwananchi wa kawaida kwa undani zaidi ni ule wa mbolea ya ruzuku.

Historia

Programu za kutunza taarifa za wateja zilianza kuenea Marekani kwa ACT!, iliyotoka mwaka 1987. Siebel Systems ilianzishwa mwaka 1993, na mwaka 1999 ikazaliwa Salesforce, iliyozikodisha programu hizo kupitia intaneti bila mteja kununua seva.

Songea ilikuwa mbali na hayo. Umeme wa mji ulitegemea zaidi majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, ilipokamilika njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takribani kilomita 250, na mji ukaingia kwenye Gridi ya Taifa. Kabla ya hapo kompyuta ya dukani ilikuwa mzigo kwa mwenye nayo. Simu ya mkononi haikusubiri gridi. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, na taratibu namba ya simu ikawa ndiyo utambulisho wa mteja. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia kikomo chake Januari 2020, uliifunga namba hiyo na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Anayelipa kwa simu huliona kwanza jina la anayelipwa, na wakala huliona la mteja wake.

Mbolea ya ruzuku

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na mahindi ya huku hayaendi bila mbolea. Mpango wa vocha wa mwaka 2008/2009 hadi 2013/2014 ulitumia karatasi. Orodha za wanufaika zilikaa katika madaftari ya vijiji, na lawama za vocha kuuzwa au kusainiwa na wasiostahili zilisikika kila msimu.

Mwaka 2022 bei ilipanda duniani kote, na mfuko wa urea wa kilo 50 ukapita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, katika sherehe za Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya iliyoushusha mfuko wa urea au DAP hadi karibu shilingi 70,000. Safari hii karatasi iliachwa. Mkulima aliandikishwa katika kijiji au mtaa wake kwa jina, simu, mazao na ukubwa wa shamba, taarifa zikaingizwa katika mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), naye akapewa namba yake ya usajili.

Dukani kwa wakala, namba hiyo ndiyo kila kitu. Muuzaji huiingiza kwenye simu janja, mfumo humwonyesha jina la mkulima na kiasi anachostahili kulingana na ekari alizoandikisha, kisha msimbo ulio juu ya mfuko huskaniwa ili ijulikane mfuko gani umechukuliwa na nani. Mkulima hulipa sehemu yake. Tofauti hulipwa na Serikali kwa kampuni iliyoleta mbolea. Mfuko ulioskaniwa hauwezi kudaiwa ruzuku mara ya pili, na hapo ndipo mfumo huu ulipoizidi vocha kwa mbali.

Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu. Mawakala walikuwa wachache vijijini, hivyo wakulima wakafuata mbolea mijini kwa nauli zao na kulala foleni. Mtandao ulipokatika, foleni nzima ilisimama. Asiye na simu aliandikisha ya mwanawe au ya jirani, na ujumbe ukaenda kwa mwenye simu. Misimu iliyofuata taarifa zilihuishwa na vituo vya kuuzia vikaongezwa. Msimu wa 2024/2025 mbegu za mahindi nazo ziliingizwa kwenye ruzuku.

Kasoro kubwa zaidi ni nyingine. Mfumo unajua kuuza kuliko kusikiliza. Ekari na mifuko vimehifadhiwa vizuri, lakini mbolea ya kukuzia ikichelewa hadi mahindi yakabeba, malalamiko hayo hupita kwa ofisa ugani au kwa simu, nje ya muamala wenyewe. Mkulima anayelipa sehemu yake ya bei ya mfuko ni mteja kamili, na anastahili kusikilizwa kama mteja.

Umeme na maji

Wateja wa LUKU, yaani wenye mita za kulipia kabla, hununua umeme kwa simu na kupokea tokeni ya tarakimu 20. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, siku ambayo mita za aina hiyo duniani kote zingeacha kupokea tokeni mpya zisipohuishwa, Shirika la Umeme (TANESCO) liliwatumia wateja makundi mawili ya ziada ya tarakimu 20, yaliyotakiwa kuingizwa kwanza. Mtu alibonyeza tarakimu 60 apate umeme, na aliyekosea alirudia. Maombi ya kuunganishiwa umeme hupitia mfumo wa NIKONEKT.

Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Songea (SOUWASA) hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali.

Maduka

Katika maduka ya mitaa kama Lizaboni na Bombambili, daftari la madeni bado ndilo kumbukumbu kamili ya mteja: jina, alichochukua, tarehe ya mshahara. Wenye nguo na vipodozi hutumia WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, kupanga picha za bidhaa na bei. Mashine za risiti za kodi (EFD), zilizoanza mwaka 2010, zinatunza mauzo kwa ajili ya kodi, na ni wachache wanaozitumia kumjua mnunuzi.

Ulinzi wa taarifa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, kutaka zirekebishwe na kukataa zitumike kumtangazia biashara. Taasisi zinazokusanya taarifa hizo zinatakiwa kusajiliwa na Tume, na sharti hilo halibagui ukubwa wa ofisi wala mji ilipo.