Yambwa Kabla ya Fasili: Uteuzi wa Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Maana za Karibu

Vitenzi vya Kiingereza vinavyokaribiana maana hufundishwa zaidi kwa fasili: mwanafunzi hupewa visawe, kisha huelezwa vivuli vya maana vinavyovitenga. Mkabala huu ni wa siku nyingi. George Crabb aliufuata katika kitabu chake cha visawe cha mwaka 1816, na Thesaurus ya Peter Mark Roget ya mwaka 1852 iliyakusanya maneno kwa dhana. Makala hii inadai kwamba, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, utaratibu huo unaanzia mwisho. Kinachostahili kutangulia ni yambwa ambayo kitenzi hudai, maana ifuate.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ‘steal’ na ‘rob’. Kwa kawaida hutenganishwa kwa kigezo cha nguvu, na kigezo hicho kina msingi: Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 haihesabu wizi kuwa ‘robbery’ mpaka pawe na nguvu au tishio. Hata hivyo, mwanafunzi anayeijua vyema tofauti hiyo bado anaweza kuandika ‘They robbed my phone’ au ‘I was stolen my phone’. Kasoro haiko katika maana. ‘Steal’ hudai yambwa iwe kitu kilichoibwa, na mwenye mali, akitajwa, hufuata ‘from’. ‘Rob’ hudai yambwa iwe mtu au mahali palipoibiwa, na kitu, kikitajwa, hufuata ‘of’. Adele Goldberg, mwaka 1995, alizieleza tofauti hizi kwa kuangalia ni mshiriki yupi wa tendo anayepewa umbele na kila kitenzi.

Kiswahili hugawa kazi hiyohiyo kwa mnyambuliko: fedha huibwa, mtu huibiwa. Kauli ya kutendea humpa aliyepoteza mali nafasi ya yambwa huku mzizi ukibaki uleule. Kwa hiyo ‘I was stolen my phone’ ni ‘niliibiwa simu’ iliyovishwa maneno ya Kiingereza. Sarufi yake ni timamu, ila imepachikwa kwenye kitenzi kisichoipokea. Mwalimu anayeanza na ‘iba’ na ‘ibia’ hujenga juu ya ujuzi ambao mwanafunzi anao tangu utotoni. Ndivyo ilivyo pia kwa ‘say’ na ‘tell’, ambavyo huachana takriban kama ‘sema’ na ‘ambia’: cha pili hakikamiliki bila anayeambiwa, ukiacha matumizi machache kama ‘tell the truth’.

Pingamizi zito linatoka kwa Beth Levin, aliyeainisha zaidi ya vitenzi 3,000 vya Kiingereza mwaka 1993 akishikilia kwamba tabia ya kisintaksia ya kitenzi huongozwa kwa kiasi kikubwa na maana yake. Dai hilo linafaa katika uainishaji, darasani halitoshi. ‘Eleza’ na ‘explain’ zina maana moja kwa kila hali ya kawaida, lakini ‘Mwalimu alitueleza somo’ ni sahihi na ‘The teacher explained us the lesson’ si sahihi. ‘Give’ hukubali yambwa mbili, ilhali ‘donate’, kwa wazungumzaji wengi, huzikataa. Hapa asili ya Kilatini ya kitenzi ina uzito ambao fasili haiuonyeshi.

Ni kweli kwamba ‘eleza’ humpotosha mwanafunzi, lakini humpotosha katika yambwa, mahali palepale ambapo ufundishaji unapaswa kuelekezwa. Ni kweli pia kwamba jozi kama ‘begin’ na ‘start’ zina miundo inayolingana sana, na ni maana inayoamua kwamba injini hupewa ‘start’ wala si ‘begin’. Jozi za aina hii zibaki chini ya fasili.

A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, alilitambua hitaji hili mapema: kamusi aliyoihariri na wenzake, iliyotoka Tokyo mwaka 1942, iliwapa wanafunzi ruwaza za vitenzi pamoja na maana. Kamusi za Kiingereza–Kiswahili zinaweza kwenda mbele zaidi, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kina chombo cha kuonyesha yambwa. ‘Steal’ iandikwe ‘iba kitu’. ‘Rob’ iandikwe ‘ibia au nyang’anya mtu, hasa kwa nguvu’. ‘Explain’ iandikwe ‘eleza jambo’, pamoja na onyo kwamba anayeelezwa hutanguliwa na ‘to’. Maelezo mafupi ya namna hii yatazuia makosa mengi kuliko ukurasa mzima wa visawe.