Tarehe ya Uvira na Wana wa Mwami Maruta

Wazee wa Wavira wanasema ukoo wa Walenge ulitoka Lwindi, ukavuka milima, ukashuka mpaka Ziwa Tanganyika, na ndio uliotoa bami, yaani watawala, wa pwani hii. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la watu wao. Wafuliiru wako kaskazini na milimani, Wabembe kusini, Warundi katika bonde la mto Ruzizi.

Kabla ya Wazungu, Uvira ilikuwa soko kubwa. Waswahili wa Ujiji walipandisha mitumbwi mpaka hapa kutafuta pembe, watumwa, nafaka, nguo za magome na vyuma.

Hapa lazima nisimame, maana kuna haki ya watu iliyofichwa. Wengi husema wasafiri Wazungu Livingstone na Stanley ndio waliogundua, Novemba 1871, kwamba Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Sikubali. Tarehe 26 Aprili 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira pamoja na Kannena, mkuu wa Ujiji, wakitumaini kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Wana watatu wa Mwami Maruta wa Uvira, vijana wa miraba minne, wakaenda kuwaona. Wakaulizwa habari za Ruzizi. Wakajibu kwa neno moja: unaingia. Umati uliosimama pale ukasema vivyo hivyo. Burton mwenyewe ameandika kwamba moyo ulimuuma. Alitaka kuuona mdomo wa mto kwa macho yake, lakini hakuvushwa kupita Uvira, kwa hofu ya watu wa huko mbele, akarudi Ujiji.

Basi Wavira walilimaliza shauri hilo miaka 13 kabla ya Stanley. Leo kule Mugere, upande wa Burundi, limesimama jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wana wa Maruta hawakuwekewa chochote, wala majina yao hayakuandikwa. Jiwe lao lingefaa liwekwe Kavimvira, njia ya kwenda mtoni.

Turudi mjini. Wabelgiji walijenga bandari ya Kalundu, na mwaka 1931 wakafungua reli ya kupandisha bondeni mpaka Kamanyola; mwaka 1958 ikafungwa. Kikabaki kituo cha utafiti wa maji na samaki, na wavuvi wa ndagala na mikeke, ambao taa zao usiku huonekana mpaka Bujumbura. Mei 1964 waasi wa Simba wa Soumialot waliuteka mji. Oktoba 1996 wakaingia waasi wa AFDL.

Usiku wa 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa nalo likapanda, likala nyumba za ufukweni na barabara ya Bujumbura. Mafundi wakaanza kuuzungumzia mto Lukuga, kule Kalemie, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya maji kutoka ziwani. Huku kwetu, Ruzizi unaingia.