Kutoka Shambani hadi Kiteezi: Historia Fupi ya Taka za Nyumbani Kampala

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima wa taka wa Kiteezi, wilayani Wakiso, iliporomoka na kuzifukia nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walifariki. Taka zile zilitoka Kampala. Mimi nimeishi Kampala tangu utotoni, hivyo zangu zilikuwamo. Katika insha hii ninaeleza jinsi taka za nyumbani zilivyofika Kiteezi, na kwa nini ninaona kwamba sehemu ya lawama ni yangu.

Katika ujana wa bibi yangu, huko Buganda vijijini, taka za jikoni zilikuwa na kazi. Matoke yakishamenywa, maganda yalipewa mbuzi au yalirudishwa kwenye migomba ili kurutubisha udongo. Majani ya mgomba yaliyofunikia chakula chunguni nayo yalirudi shambani. Sokoni kila mtu alikwenda na kikapu chake.

Kisha jiji likakua. Sensa ya mwaka 1991 ilihesabu watu wapatao 774,000 Kampala. Ile ya 2014 ilihesabu takriban milioni 1.5. Wengi walihamia vyumba vya kupanga visivyo na shamba wala mbuzi. Matoke yaliendelea kuliwa, lakini maganda hayakuwa na pa kurudi. Mwaka 1996 dampo la Kiteezi lilifunguliwa. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ilichukua nafasi ya kikapu, na maganda yakafungwa humo pamoja na chupa na karatasi.

Serikali ilijaribu kuchukua hatua. Mwaka 2007 ilitangaza kupiga marufuku kaveera nyembamba, zilizo chini ya maikroni 30. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008 na kuitekeleza kwa ukali. Kenya ilifuata mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Hapa kwetu, muuzaji bado hukupa kaveera hata kwa nyanya mbili.

Wenzangu wengi husema kwamba wa kulaumiwa ni serikali peke yake. Ni kweli, mwanafunzi hawezi kujenga dampo salama wala kukagua viwanda. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kunilazimisha kuipokea kaveera ile, na sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda na mabaki ya chakula, vitu vinavyotoka mikononi mwetu wenyewe.

Tangu Septemba 2024, mimi na mwenzangu wa chumba tuna ndoo mbili. Ndoo ya maganda huchukuliwa kila jioni na mama mmoja jirani anayefuga mbuzi. Ndoo ya taka nyingine, ambayo zamani ilijaa kwa siku mbili, sasa hufika wiki nzima. Sokoni nakwenda na mfuko wa kitambaa, ingawa kuna siku ninausahau na kurudi na kaveera mkononi, nikiona aibu.

Nilimweleza bibi habari hizi kwa simu. Alicheka sana, kisha akauliza, "Kumbe siku hizi chuo kikuu mnafundishwa kuwapa mbuzi maganda?" Nilimjibu kwamba hatujafundishwa bado, ndiyo maana nimeandika insha hii.