CCR5-delta 32
CCR5-delta 32 ni badiliko la kurithi katika jeni iitwayo CCR5, ambapo jozi 32 za herufi za vinasaba zimepotea, na humpa mtu kinga kubwa dhidi ya VVU. Kwa kawaida jeni hiyo hutengeneza kipokezi, yaani protini iliyo juu ya seli za kinga, ambayo virusi huishika pamoja na protini ya CD4 ili viingie ndani. Kipokezi kilichokatika hakifiki juu ya seli, hivyo virusi hukosa mlango. Badiliko hili, lililotambuliwa mwaka 1996, hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambao takriban 1 kati ya 100 amerithi nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ilhali ni nadra sana barani Afrika. Mwenye nakala moja huweza kuambukizwa, ila ugonjwa huenda polepole. Hata nakala mbili si kinga kamili, kwani baadhi ya virusi hutumia kipokezi kingine, CXCR4. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyepandikizwa mjini Berlin mwaka 2007 seli shina za mtoaji mwenye nakala mbili ili kutibu saratani ya damu, alipona pia VVU.